Mali bila daftari: Nani ajuaye bei ya redio kuukuu?

Mnunuzi wa vyuma chakavu hakuhitaji mizani. Aliinua redio ya mjomba upande mmoja, akaishusha, akapiga hesabu kichwani.

"Elfu kumi na mbili, kaka. Hapa mali ni transfoma tu, ina shaba ndani. Hayo mengine ni mzigo."

Tulikuwa barazani kwa marehemu, Ngamiani, mjini Tanga, wiki moja baada ya arobaini. Mkaza mjomba alitaka stoo iwe wazi kabla ya masika, na boksi lile jeusi la chuma, zito kama mtoto wa darasa la kwanza, lilikuwa limekalia kona kwa zaidi ya miaka 30 chini ya magunia. Mijusi walikuwa wametaga mayai nyuma yake. Nilikataa kuiuza, wala si kwa busara. Ni ubishi tu. Hiyo elfu kumi na mbili ilinikera.

Usiku ule niliipiga picha kwa simu, nje na ndani, nikazituma kwa Mwingereza mmoja mstaafu anayekusanya redio za namna hiyo, ambaye rafiki yangu alinipa anwani yake. Jibu lilikuja asubuhi. Halikuwa bei, lilikuwa swali: Imewahi kuguswa?

Ilinichukua miezi kulielewa swali hilo. Katika kulitafuta jibu nikajikuta nimeingia katika ulimwengu wa watu wanaotoa fedha nyingi kununua mitambo ambayo simu ya bei poa imeipita kwa kila kitu isipokuwa uzito. Nilijifunza pia, kwa gharama yangu mwenyewe, kwamba mtu anaweza kuiharibu mali zaidi kwa nia njema kuliko anavyoweza kuiharibu kwa nyundo.

Redio za nani?

Hizi si redio za kusikilizia taarifa ya habari na salamu za wagonjwa. Ni vyombo vya watu wa redio za ridhaa, yaani raia wenye leseni ya kuzungumza wao kwa wao hewani, kwa sauti au kwa alama za Morse, bila biashara na bila malipo. Hapa nchini leseni hiyo hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kila mwanaridhaa ana jina lake la hewani la herufi na tarakimu. La Tanzania leo huanza na 5H, la Kenya 5Z, la Uganda 5X. Enzi za Mwingereza, Tanganyika ilikuwa VQ3, Kenya VQ4, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1.

Mjomba hakuwa na leseni. Alikuwa fundi umeme katika shamba la mkonge upande wa Ngomeni, na bosi wake, mhandisi wa Kizungu, ndiye aliyekuwa na jina la VQ3. Mhandisi alipofungasha virago mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtambo wa kurushia aliondoka nao. Redio ya kupokelea akamwachia fundi aliyekuwa akiitengeneza kila ilipougua.

Ni Eddystone, modeli S.640, iliyoundwa Birmingham miaka michache tu baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya wanaridhaa hasa. Hupokea masafa kuanzia takriban MHz 1.7 hadi 31. Kiwanda chenyewe kina asili ya kuchekesha. Ukoo wa Laughton, wenye kampuni ya Stratton, ulikuwa ukitengeneza vibanio vya nywele na vikorokoro vingine vya kina mama. Miaka ya 1920 wanawake wa Ulaya wakaanza kukata nywele fupi, soko la vibanio likayumba, na wenye kiwanda wakatafuta kazi nyingine ya kufanya na mashine zao. Wakageukia vipuri vya redio. Kampuni ya Marconi iliwanunua mwaka 1965, lakini jina la Eddystone lilikuwa limeshafika kwenye meli, kwenye vituo vya polisi na kwenye vibaraza vya mashamba ya makoloni.

Bei hufuata kumbukumbu

Mtu wa nje hudhani kongwe ndiyo ghali. Sivyo. Zipo redio za miaka ya 1930 zisizopata mteja, na zipo za miaka ya 1960 zinazogombewa. Wakusanyaji wenyewe wana kanuni yao, nayo haina uhusiano na umri wa chombo: mtu akifika miaka sitini hununua kile alichokililia akiwa na miaka kumi na mitano.

Mfano mzuri ni Collins. Arthur Collins wa Cedar Rapids, Iowa, nchini Marekani, alikuwa na miaka 15 tu mwaka 1925 alipowasiliana, kwa mtambo aliouunda mwenyewe nyumbani kwao, na msafara wa MacMillan uliokuwa kwenye barafu za Aktiki. Mwaka 1933 alisajili kampuni yake, na mitambo yake ikasafiri na msafara wa Admirali Byrd hadi Antaktika. Mwaka 1955 alitoa redio ya kupokelea iitwayo 75A-4 kwa dola 595. Mwenzake wa kurushia, KWS-1, aliuzwa karibu dola 2,000. Wanaridhaa wa Marekani waliipa jozi hiyo jina la "Gold Dust Twins", lililotokana na mapacha waliochorwa kwenye paketi za sabuni ya unga ya zamani. Kwa fedha za mapacha hao mtu angeweza kujinunulia gari jipya.

Mvulana aliyekuwa akisambaza magazeti kwa baiskeli mwaka ule aliwatazama mapacha hao gazetini na kumeza mate. Alichoweza kununua, kama baba alikuwa mkarimu, ni Hallicrafters S-38 ya Chicago, ambayo ilipotoka mwaka 1946 iliuzwa chini ya dola 50, ikiwa na sura iliyobuniwa na msanifu mashuhuri Raymond Loewy. S-38 ziliuzwa kwa wingi mno, na hadi leo hazina bei. Mvulana alipostaafu akiwa na nyumba iliyolipiwa na pensheni ya uhakika, alikwenda kuwatafuta mapacha. Wenzake nao walikwenda. Hivyo ndivyo bei ilivyopanda.

Sasa kengele inalia upande wa pili. Mwanaridhaa akifariki, wenzake hawasemi amekufa. Humwita "Silent Key", kibonyezo kilichonyamaza, kwa maana ya kile kidude cha kugongea Morse. Kila mwaka vibonyezo vya kizazi cha mapacha vinanyamaza, na wajane wanabaki na vyumba vilivyojaa chuma hadi darini. Kila Mei, kwenye mkutano wa Hamvention, ulioanza Dayton, Ohio, mwaka 1952 na kuhamia mji jirani wa Xenia mwaka 2017, kuna uwanja mzima wa wauzaji wenye meza na malori, na mali za marehemu ni sehemu ya kawaida ya biashara. Vyombo vya kawaida hubembelezewa wateja. Vya nadra, kama Hallicrafters SX-88 iliyotengenezwa kwa uchache katikati ya miaka ya 1950, bado watu huvizunguka kama nzi kwenye embe.

Kizazi kinachofuata kina machozi yake. Waliokuwa vijana miaka ya 1970 hawakumwota Collins. Waliota FT-101 ya Yaesu au TS-520 ya Kenwood, za Kijapani, na tayari hizo zimeanza kuitwa za kale. Kwa hiyo ukitaka kujua redio ipi itapanda bei kesho, waulize waliokuwa vijana miaka arobaini au hamsini iliyopita walitamani nini wakakikosa.

Kuguswa na kutoguswa

Nikarudi kwa Mwingereza wangu na swali lake. Kuguswa, alinieleza, kuna ngazi.

Ngazi ya kwanza ni ukamilifu. Kampuni ya National ya Massachusetts ilitoa miaka ya 1930 redio iitwayo HRO, ambayo wafanyakazi walisema jina lake linatokana na maneno ya Kiingereza ya kulalamikia oda ya harakaharaka. Waingereza waliitumia kwa wingi wakati wa vita kunasa ujumbe wa Wajerumani uliopelekwa Bletchley Park kufumbuliwa. HRO haina swichi ya kubadilishia masafa. Ina madroo ya koili. Unachomoa moja mbele ya redio, unachomeka nyingine, kama mtoto wa meza. HRO bila madroo yake ni kama kabati lililoibiwa nguo. Mnunuzi hataki kusikia maelezo, anahesabu madroo.

Ngazi ya pili ni tundu. Zamani redio hizi hazikuwa za maonyesho, zilikuwa za kazi, na mwenye redio akitaka kuongeza swichi alichukua drili akatoboa. Tundu moja mbele ya Collins, hata liwe dogo kama punje ya choroko, hula sehemu kubwa ya bei. Rangi hurudishwa, valvu hubadilishwa, lakini chuma kilichotobolewa kimetobolewa.

Ngazi ya tatu ni alama ndogo ambazo mpita njia hazioni. Collins za familia ya S-Line na KWM-2, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, zilitoka kwanza na nembo yenye mabawa. Za baadaye zikawa na nembo ya duara. Ndani hazipishani sana kwa mtu wa kawaida, lakini wakusanyaji hulipa zaidi kwa duara, na wapo wajanja wanaobandika duara kwenye zilizokuwa na mabawa. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huanza na namba ya kiwandani.

Ngazi ya nne ni mkono. Heathkit ya Benton Harbor, Michigan, haikuuza redio. Iliuza katoni la vipuri na kitabu cha maelekezo, ukaunda mwenyewe. Hadi ilipoachana na biashara hiyo mwaka 1992, maelfu ya watu walijifunza kulehemu kwenye meza zao za kulia chakula. Kwa hiyo Heathkit mbili za modeli moja si ndugu. Pindua mojawapo uone lehemu iking'aa kama tone la zebaki, nyaya zimelala sambamba. Pindua nyingine uone madonge ya kijivu na waya uliounguzwa. Bei yake unaipata kwa kutazama tumbo.

Ngazi ya tano ndiyo iliyonishangaza. Redio za zamani zina kapasita za karatasi iliyopakwa nta. Unyevu huingia, karatasi huanza kupitisha umeme usipotakiwa, na siku ukiwasha, kitu huungua. Fundi yeyote atazing'oa na kuweka za kisasa, na redio itaimba. Lakini mafundi wa wakusanyaji huipasha moto ile ya zamani hadi nta iyeyuke, hutoa utumbo, huingiza kapasita mpya ndogo ndani ya ganda kuukuu, kisha huziba tena kwa nta. Ukifungua kifuniko unaona mwaka 1947. Nilimwuliza Mwingereza kama huo si udanganyifu. Akasema ni udanganyifu pale tu usipomwambia mnunuzi. Ukimwambia na ukamwandikia, ni ufundi.

Na hapo ndipo ngazi ya mwisho ilipo: maandishi. Kitabu cha maelekezo, risiti ya dukani, katoni la asili, kadi walizotumiana wanaridhaa kuthibitisha mawasiliano, na zaidi ya vyote daftari la kituo. Mwanaridhaa huandika kila mazungumzo: tarehe, saa, masafa, jina la mwenzake, jinsi alivyosikika. Redio yenye daftari ina ushahidi wa maisha yake. Redio isiyo nalo ina maneno ya muuzaji, na muuzaji ana sentensi moja anayoipenda kuliko zote: "Ilikuwa nzima tulipoiweka stoo."

Rangi ya pikipiki

Yote haya niliyajua baadaye. Siku nilipoulizwa kama imeguswa, nilidhani mzee wa watu anataka iwe safi.

Nikaipeleka kwa kijana anayepaka rangi pikipiki. Ile rangi ya asili ilikuwa ya vinundunundu, na kutu ya hewa ya bahari ilikuwa imeila pembeni. Kijana akaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, akapuliza nyeusi ya gari, tabaka mbili, nje na ndani ya kifuniko. "Sasa imekuwa Mercedes," aliniambia, na kwa kweli niliona fahari. Nikatuma picha mpya Uingereza.

Kimya cha wiki mbili. Kisha ujumbe mfupi. Rangi haikumsumbua sana, alisema, rangi ina dawa. Ila kwenye picha za kwanza aliona maandishi ya penseli ndani ya kifuniko. Yako wapi?

Sikuwa nimeyaona. Nilirudi kwenye picha zangu za usiku ule, nikaivuta moja hadi ikaanza kupoteza umbo. Chini ya vumbi, kwa mwandiko wa kulalia kulia ambao niliujua tangu enzi za barua za ada ya shule, mjomba alikuwa ameweka daftari lake. Hakuwa na leseni wala jina la hewani, lakini alikuwa ameketi mbele ya mtambo wa bosi wake kwa miaka, akaona jinsi bosi anavyoandika kila asikiacho. Basi naye akaandika. Mistari mingi haikusomeka. Iliyosomeka ni minne:

"9/12/61. Dar. Usiku kucha."

"12/1/64. Unguja. Sauti ngeni."

"Valvu ya pili imekufa. Nimeweka ya redio ya Mwarabu."

"Mvua. Hakuna kitu."

Mstari wa kwanza ni usiku wa uhuru wa Tanganyika. Wa pili, mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Asubuhi ya Mapinduzi, waliozoea kuisikiliza redio ya Unguja walimsikia John Okello, mzaliwa wa Uganda, akitoa amri kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha visiwani. Mjomba, akiwa Tanga, ng'ambo tu ya mkondo wa Pemba, alisikia kitu hakijakaa sawa. Hakuandika mapinduzi, maana pengine bado hakujua. Aliandika alichokisikia, kama alivyoona kwa bosi. Sauti ngeni.

Penseli ile sasa imelala chini ya tabaka mbili za rangi ya pikipiki, kama kuna kilichosalia baada ya msasa. Dawa ya kutoa rangi itaondoka nayo pia. Waswahili huandika kwenye kuta za maduka yao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikuwa na daftari, nikalilipia lipotee.

Nani aliandika, nani hakuandikwa

Afrika Mashariki haina uhaba wa historia katika redio za ridhaa. Mwaka 1947 na 1948 msafara wa Attilio Gatti, mvumbuzi mzaliwa wa Italia, ulipita Kenya, Tanganyika na Uganda kuelekea Milima ya Mwezi, yaani Ruwenzori, ukifadhiliwa na Hallicrafters. Nia ya kampuni ilikuwa wazi: kuonyesha kwamba mitambo yake inahimili Afrika. Wanaridhaa wawili wa Kimarekani, Robert Leo na William Snyder, walikuwa kwenye msafara wakirusha kutoka porini, na majina yao ya hewani yalibadilika mpaka kwa mpaka, VQ4, VQ3, VQ5. Duniani kote watu walikesha kuwatafuta, kwa kuwa kwa mwanaridhaa kupata nchi mpya ni sawa na mvuvi kupata nguru. Kadi zilizothibitisha mawasiliano hayo leo ni vitu vya kutafutwa.

Kadi ya namna hiyo huandika kituo, tarehe, masafa na jina la mrushaji. Haina nafasi ya dereva aliyekwamua gari matopeni ili jenereta ifike kambini, wala ya fundi aliyejua valvu gani inakaribia kufa kwa kuisikia tu. Hivyo redio iliyotoka kwa mhandisi mwenye VQ3 ina historia inayoweza kutajwa kwenye mnada, na redio hiyohiyo, ikishapita mikononi mwa mjomba kwa zaidi ya miaka hamsini, huonekana kama iliyokuwa stoo muda wote. Sivyo. Ilikuwa ikisikilizwa. Ushahidi ulikuwa ndani ya kifuniko.

Bei ya mwisho niliyopewa na Mwingereza ilikuwa pauni 60, nikiipeleka mwenyewe. Kusafirisha chuma kizito hivyo kutoka Tanga kungekula zaidi ya hiyo. Redio hizi ni kama nazi. Mahali zinapotakiwa si mahali zinapoangukia.

Balbu ya uzi

Kwa kuwa haiendi popote, nilitaka nijue kama inasema. Nilimpata mzee mmoja aliyekuwa mwendesha redio wa meli, ambaye kwa sasa hutengeneza feni na pasi kwenye kibanda chake hukohuko Ngamiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeileta na balbu?"

Alikuwa ameniagiza nitafute balbu ya kizamani ya uzi, wati 60, si hizi za kuokoa umeme. Nilizunguka maduka saba. Aliifunga balbu katikati ya waya wa umeme, ili kila umeme uendao kwenye redio upite kwanza kwenye uzi wake. Redio iliyolala miongo mitatu, alinieleza huku akifunga skrubu, haichomekwi tu ukutani. Kama kuna njia ya mkato ndani, balbu itawaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, na wewe utachomoa kabla transfoma haijaungua. Kama mambo ni shwari, itawaka kidogo, kisha itafifia.

Wiki nzima kabla ya hapo alikuwa amebadilisha kapasita za karatasi, moja moja, na kila aliyoing'oa aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga aliloliandika jina langu. Mkono mmoja siku zote ulikuwa mfukoni. Ndani ya redio ya kupokelea kuna volti 200 na zaidi, kwenye mitambo mikubwa ya kurushia zinafika elfu mbili na kupita, na kapasita hutunza umeme hata waya ukiwa umeshachomolewa. "Mkono mmoja ukiguswa, utapiga kelele," alisema. "Miwili ikiguswa, umeme unapitia moyoni. Hatapiga kelele mtu." Alionya pia juu ya vifaa vya ndege za vita ambavyo watu huvinunua kwa sura: mishale inayong'aa gizani ilipakwa radiamu, na haifai kukwanguliwa.

Akachomeka. Balbu ikawaka, ikatutolea macho. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Ikafifia hadi ikabaki uzi mwekundu. Ndani ya boksi valvu zikaanza kuiva taratibu, rangi ya chungwa, na kibanda kikajaa harufu ya vumbi lililopashwa moto na mayai ya mijusi.

Mzee alitundika waya kutoka dirishani hadi kwenye mwarobaini, akazungusha mshale hadi karibu na MHz 14.1, akawasha kitu kinachoyapa mawimbi ya Morse mlio. Huko, alisema, kuna vituo 18 vya ishara duniani kote vinavyopokezana zamu kwenye masafa hayohayo. Kila kimoja kina sekunde 10 katika kila dakika 3. Kinataja jina lake kwa Morse, kisha kinatoa vistari vinne virefu, wati 100, 10, 1, na cha mwisho sehemu ya kumi ya wati. Unajua anga liko vipi kwa kuhesabu vistari unavyovisikia.

Dakika moja ya mvumo mtupu. Kisha, kama mtu anayepiga mluzi nyumba ya tatu, alama. Mzee alifumba macho.

"Afrika Kusini," akasema. Vistari viwili. "Sasa cha Kenya."

Tukatega masikio. Sekunde kumi za mvumo. Hakuna kitu.

"Kimezimwa?"

"Sijui. Lakini hata kama kipo hewani, sisi tuko karibu mno. Masafa haya yanapaa juu, yanagonga anga, yanarudi chini mbali. Jirani anarukwa." Akainua kidole. Mluzi mwingine, dhaifu zaidi. "Israel." Sekunde kumi. "Na huyo ni Finland, mwanangu. Finland inafika hapa kwa waya wa kwenye mwarobaini."

Nilikuwa nimenunua daftari la shule la kurasa 80 dukani njiani. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeshanakili mistari minne ya mjomba kutoka kwenye picha, pamoja na jina lake, jina la shamba, namba ya kiwandani ya redio, na kosa langu la rangi, bila kujitetea. Kwa ukurasa wa pili mzee alinipa penseli yake. Nikaandika tarehe, kisha:

"Afrika Kusini. Kenya kimya. Israel. Finland. Kapasita zote mpya, za zamani zimo kwenye kopo."

Daftari sasa linakaa juu ya redio, ndani ya mfuko wa nailoni. Mnunuzi wa vyuma chakavu bado hupita na mkokoteni wake, na akinikuta barazani huuliza kama nimebadili mawazo. Juzi amefika elfu kumi na tano.